Sumaku Ikitulia, Taa Huzima

Dainamo ya baiskeli ni kichupa cha chuma kisichozidi ngumi ya mtu mzima. Hufungwa ubavuni mwa gurudumu, na kichwa chake chenye meno hubanwa kwenye tairi. Gurudumu likizunguka, kichwa nacho huzunguka, na taa ya mbele huwaka. Mwendesha baiskeli akijikongoja, mwanga huwa mwekundu kama kaa linalokufa. Akishuka mteremko kwa kasi, mwanga hupanda ukawa mweupe wa kuumiza macho. Akisimama kumsalimu mtu njiani, taa huzima papo hapo. Ndani ya kichupa hicho hamna betri, wala dawa yoyote ya kuisha. Mna sumaku iliyoshikizwa kwenye mhimili, na koili ya waya wa shaba iliyoizunguka. Taa iwake miaka kumi, shaba ya koili haitapungua hata kidogo.

La kuangaliwa hapo ni ile taa kuzima. Baiskeli iliposimama, sumaku haikwenda popote na nguvu yake ni ileile. Koili ipo, nyaya hazikukatika, glopu ni nzima. Kilichokoma ni mzunguko tu, na mzunguko ulipokoma umeme ukakoma nao. Sumaku kuwapo karibu na waya, basi, hakutoshi. Lazima hali ya sumaku mbele ya waya iwe inabadilika. Wanafizikia huliita jambo hilo induksheni ya sumakuumeme, na maelezo yake ni mafupi: uga wa sumaku unaopita ndani ya koili ukibadilika, volteji huzuka katika koili hiyo, na saketi ikiwa imefungwa, mkondo hupita. Uga usipobadilika hakuna kitu, hata sumaku iwe kubwa kama nyumba.

Maneno hayo machache yaliwapiga chenga wataalamu wa Ulaya kwa miaka 11.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, profesa wa Copenhagen nchini Denmark, alionyesha kwamba waya unaopitisha mkondo huigeuza sindano ya dira iliyo karibu nao. Umeme, kumbe, huzaa sumaku. Swali lililofuata lilikuja lenyewe: sumaku nayo je, haiwezi kuzaa umeme? Waliojaribu walikuwa wengi, na karibu wote walifuata njia moja. Waliweka sumaku nzito kando ya waya, wakaunganisha vipimo vyao, wakangoja. Mkondo uliotulia huleta sumaku iliyotulia. Kwa hiyo waliona ni haki kutarajia kwamba sumaku iliyotulia italeta mkondo uliotulia. Walingoja wee, sindano hazikutikisika.

Aliyekaribia kuliko wote akakosa ni Jean-Daniel Colladon wa Geneva, mwaka 1825. Alikuwa na kila kilichohitajika: koili, sumaku yenye nguvu, na galvanomita, yaani chombo chenye sindano inayocheza mkondo unapopita. Alikuwa pia mtu makini, na umakini ndio uliomponza. Alihofia kwamba sumaku ikikaa karibu na galvanomita itaivuta ile sindano na kumpa jibu la uongo. Akavuta nyaya ndefu hadi chumba cha pili, akaiweka galvanomita huko. Kisha akaitumbukiza sumaku ndani ya koili, akatembea hadi chumba cha pili kusoma kipimo. Akaikuta sindano imelala kwenye sifuri. Ilikuwa imeruka sawasawa na matarajio yake pale sumaku ilipoingia, ikarudi kulala kabla hajafika mlangoni. Angekuwa na kijana mmoja wa kukaa chumba cha pili na kukodoa macho tu, huenda leo vitabu vya shule vingetaja Geneva mahali vinapotaja London.

London inatajwa kwa sababu ya Michael Faraday. Alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, akasoma shule kidogo mno, na alipofika umri wa miaka 14 akawekwa kwa mjalidi vitabu ajifunze kazi. Vitabu alivyopewa kujalidi alivisoma. Mwaka 1813 alipata kazi ya msaidizi wa maabara katika taasisi ya sayansi ya Royal Institution jijini London, na huko ndiko alikofanyia kazi maisha yake karibu yote. Hisabati za juu hakuzijua. Alichokuwa nacho ni mikono yenye akili na tabia ya kuandika kila alichokiona siku hiyohiyo, na hiyo tabia ya kuandika ndiyo inayowezesha leo kufuata ugunduzi wake siku kwa siku.

Tarehe 29 Agosti 1831 alikuwa na pete ya chuma laini mezani. Upana wake wa nje ulikuwa inchi sita, karibu sentimita 15, na unene wa kama kidole gumba. Nusu ya pete hiyo aliizungushia waya wa shaba, nusu ya pili akaizungushia waya mwingine. Zama hizo nyaya zenye ganda la plastiki hazikuwapo, kwa hiyo alitenganisha kila mzunguko na mwenzake kwa uzi wa katani, na kila tabaka na lenzake kwa kitambaa cha kaliko. Nyaya za upande mmoja zilikuwa za kuunganishwa na betri. Nyaya za upande wa pili zilipita juu ya sindano ya sumaku iliyokaa umbali wa futi tatu hivi. Kati ya nyaya za upande huu na za upande ule hapakuwa na mguso wowote wa shaba kwa shaba.

Akaunganisha betri. Sindano ikatikisika, ikayumba, ikarudi ilipokuwa. Betri iliendelea kusukuma mkondo, pete ikiwa sumaku kamili, na sindano imetulia tuli. Akaitoa betri. Sindano ikatikisika tena. Mtu mwingine angeupuuza mtikisiko ule akasema ni meza, au ni upepo wa dirishani, kwa maana kilichokuwa kikitafutwa na wote ni mkondo wa kudumu. Faraday aliandika alichokiona, akawa na mashaka nacho. Wiki chache baadaye, katika barua kwa rafiki yake Richard Phillips, alisema anadhani amenasa kitu kizuri, lakini huenda baada ya jasho lote hilo akavuta mwani badala ya samaki. Mvuvi yeyote wa pwani angemwelewa.

Alikuwa samaki. Tarehe 17 Oktoba aliiacha pete, akachukua bomba la karatasi lililozungushiwa koili za waya wa shaba na sumaku ya fimbo yenye urefu wa inchi nane na nusu. Alipoitumbukiza sumaku ndani ya bomba kwa ghafla, sindano ya galvanomita iliruka upande mmoja. Alipoiacha ndani, sindano ililala. Alipoichomoa, iliruka upande wa pili. Siku 11 baadaye, tarehe 28 Oktoba, alikuwa Woolwich, nyumbani kwa mwanasayansi mwenzake Samuel Christie, ambako ilihifadhiwa sumaku kubwa ya chama cha wanasayansi cha Royal Society. Kati ya ncha zake alizungusha kisahani cha shaba chenye upana wa inchi 12, vipande vya metali vikigusa mhimili na ukingo wake ili kuvuta mkondo. Safari hii sindano iligeuka ikakaa huko muda wote kisahani kilipozunguka. Hiyo ndiyo jenereta ya kwanza ya sumakuumeme duniani, na ilizungushwa kwa mkono. Matokeo yote yalisomwa mbele ya Royal Society tarehe 24 Novemba mwaka huohuo. Ng'ambo ya bahari, mwalimu wa Albany nchini Marekani aitwaye Joseph Henry alikuwa amefikia mambo yaleyale kwa njia yake, ila alichelewa kuyachapisha hadi mwaka 1832, na katika sayansi anayechapisha kwanza ndiye anayetajwa kwanza.

Sasa kanuni yenyewe. Aliyewahi kunyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi iliyofunika sumaku ameona ule unga ukijipanga mistari kutoka ncha moja kwenda nyingine. Mistari hiyo ndiyo picha ya uga. Faraday, kwa kuwa hakuwa na hisabati za kumsaidia, aliitegemea picha hiyo, na imeendelea kufaa hadi leo. Koili ni tundu, na kupitia tundu hilo hupita mistari kadhaa. Jumla ya uga unaopita katika tundu huitwa fluksi. Volteji inayozuka ni sawa na kasi ya kubadilika kwa fluksi, mara idadi ya mizunguko ya waya katika koili.

Mfano wa tarakimu utaliweka jambo wazi. Iwepo koili ya mizunguko 200, tundu lake lina eneo la sentimita 10 za mraba, na ndani yake pana uga wa sumaku wa sehemu moja ya kumi ya tesla, yaani kipimo cha nguvu ya uga, kiasi ambacho sumaku ya spika mbovu inaweza kukitoa ikiwa karibu. Sumaku ikichomolewa uga ukaisha katika sehemu ya kumi ya sekunde, volteji itakuwa volti 0.2. Ikichomolewa haraka mara kumi zaidi, katika sehemu ya mia ya sekunde, itakuwa volti 2. Sumaku ni ileile, koili ni ileile, tofauti ni mkono wa anayevuta. Yeyote mwenye koili ya kuokota kwa fundi redio anaweza kujionea, lakini atumie mita ya zamani yenye mshale. Mita za tarakimu husoma polepole, na zinaweza kuuruka mtikisiko wa mara moja usionekane kabisa, yaani kumrudisha mtu katika chumba cha pili cha Colladon.

Fluksi inaweza kubadilishwa kwa namna zaidi ya moja, na waya haujali ni namna gani. Sumaku isogezwe, au itulie na koili isogezwe, matokeo ni mamoja. Koili inaweza kukaa palepale ikageuzwa tu, mara inautazama uga uso kwa uso, mara inaupa ubavu. Fluksi itapanda na kushuka. Au kila kitu kitulie, kusiwe na kinachosogea, ila mkondo katika koili ya jirani uongezwe na kupunguzwa, kama ilivyokuwa kwenye pete ya Agosti. Kwenye pete ile hakuna kilichosogea zaidi ya mkono uliogusa betri.

Kuhusu upande ambao mkondo utaelekea, jibu lilitolewa na Heinrich Lenz wa Saint Petersburg, Urusi, katika andiko lililochapishwa mwaka 1834. Mkondo unaozuka ni mkaidi: daima hupita upande utakaolipinga badiliko lililouzaa. Sumaku ikiingia, koili hugeuka sumaku inayoisukuma nje. Ikitoka, koili hugeuka sumaku inayoivuta irudi. Ukaidi huo unahisiwa na miguu ya kila aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo. Ikibanwa tu kwenye tairi, pedali huwa nzito. Sehemu ya uzito huo ni msuguano wa kile kichwa na tairi, sehemu ni koili inayomvuta sumaku shati. Njia nyingine ya kuuona ni kudondosha sumaku ndogo yenye nguvu ndani ya bomba la shaba lililosimama wima. Shaba haivutwi na sumaku hata kidogo, lakini sumaku hushuka ndani ya bomba kwa madaha, kama kitu kinachozama kwenye asali, kwa sababu kila kipande cha bomba inachokikaribia huzusha mkondo wa kuizuia.

Kanuni ya Lenz ina kazi nyingine leo, nayo ni kuwaumbua matapeli. Zinazunguka kwenye simu video za mota inayozungusha jenereta, jenereta inaiendesha mota ileile, na umeme unaobaki unawasha nyumba nzima bure. Haiwezekani, na sababu ni hiyo. Jenereta isiyovutwa umeme wowote huzunguka kwa wepesi. Ikianza kuwasha taa moja, huwa nzito kwa kiasi cha taa moja. Ikiwasha nyumba, huwa nzito kwa kiasi cha nyumba. Mkondo ungekuwa unasaidia badiliko badala ya kulipinga, sumaku ikisukumwa mara moja ingeendelea kujivuta yenyewe kwa kasi inayozidi milele. Umeme hulipiwa kwa jasho la kitu fulani: mguu, mvuke, upepo au maji.

Kiswahili kina neno linaloyabeba hayo vizuri kuliko lugha nyingi. Umeme hufuliwa, kama chuma kinavyofuliwa kwenye kiwanda cha mhunzi, kwa nguvu na kwa kazi. Kwamba njia ya kuufua iligunduliwa na mtoto wa mhunzi ni bahati tu, lakini ni bahati tamu.

Mitambo ya kufua umeme ya Kidatu na Mtera nchini Tanzania, ya Mto Tana nchini Kenya, au ile ya Jinja inayotumia maji ya Nile, haina siri zaidi ya dainamo ya baiskeli. Maji huanguka yakazungusha tabaini, tabaini ikazungusha sumaku ndani ya koili kubwa zilizotulia. Sumaku za huko ni za umeme, yaani koili zinazopitishiwa mkondo wa upande mmoja, kwa kuwa zinaweza kuongezwa na kupunguzwa nguvu. Kila ncha ya kaskazini inapopita mbele ya koili volteji husukuma upande mmoja, na inapofuata ya kusini husukuma upande wa pili. Ndiyo maana umeme wa majumbani ni wa kwenda na kurudi, na katika Afrika Mashariki huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Tabaini za maji huzunguka taratibu, kwa hiyo hupewa ncha nyingi: mtambo wenye jozi 20 za ncha hutosheka na mizunguko 150 kwa dakika. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Jua linapozama Dar es Salaam watu wakawasha taa, pasi na feni kwa pamoja, mikondo katika koili huongezeka, ukaidi wa Lenz unakaza, na mitambo hutaka kupunguza mwendo. Milango ya maji hufunguliwa zaidi ili mizunguko ibaki palepale. Mtu anayewasha pasi Kariakoo anaongeza uzito, japo mdogo sana, kwenye mhimili ulio mamia ya kilomita kutoka kwake.

Kati ya bwawa na pasi kuna transfoma, na transfoma ni pete ya Faraday iliyokua. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, waliipa umbo la kutumika kwenye gridi: koili mbili juu ya kiini kimoja cha chuma kilichofungamana, bila waya wa moja kugusa waya wa nyingine. Mkondo wa kwenda na kurudi katika koili ya kwanza huibadilisha fluksi bila kupumzika, na fluksi hiyo huzusha volteji katika koili ya pili. Koili ya kwanza ikiwa na mizunguko 2,000 na ya pili 100, volteji hushuka mara 20. Zikigeuzwa, hupanda mara 20. Hapa ndipo inapoeleweka kwa nini betri ya gari haiwezi kupitishwa kwenye transfoma ili ipandishwe. Mkondo wa betri umetulia. Transfoma itatikisika mara moja wakati wa kuunganishwa na mara moja wakati wa kutenganishwa, na katikati itapata moto bure. Inverta za umeme wa jua hulazimika kwanza kuukatakata mkondo wa betri, ndipo transfoma iukubali.

Kupandisha volteji ndiko kunakowezesha umeme kusafiri. Nguvu ileile ikipelekwa kwa volteji ya mara kumi, mkondo hupungua mara kumi, na joto linalopotea njiani hupungua mara mia. Umeme wa Kidatu hutoka kwenye nguzo za volti 220,000, hushushwa kwa hatua hadi volti 33,000 au 11,000, na transfoma ya mtaani, lile pipa la kijivu juu ya nguzo mbili, huumalizia hadi volti 230 za kuingia nyumbani. Usiku mtaa ukitulia pipa hilo husikika likinguruma. Si mkondo unaonguruma. Kiini cha chuma hujinyoosha na kujikunja kwa kiasi kidogo mno kila kinapogeuzwa sumaku, mara 100 kwa sekunde, na huo ndio mlio. Kiini chenyewe hakikuundwa kwa bonge moja la chuma. Ni mamia ya mabati membamba yaliyopakwa dawa na kubanwa pamoja, kwa sababu fluksi inayobadilika huzusha mikondo hata ndani ya chuma cha kiini, na bonge zima lingechemka. Mafuta yaliyojazwa ndani ya pipa huondoa joto na kuzuia cheche kuruka kati ya koili. Wezi wanaijua thamani yake, huyafyonza. Transfoma iliyokaukiwa mafuta huungua, na mtaa mzima ukakaa gizani kwa ajili ya madumu machache.

Mikondo hiyo ya ndani ya metali si hasara kila mahali. Kabla ya enzi za Luku, mita za kulipia umeme kabla ya kuutumia, kila mita ya umeme ilikuwa na kisahani cha alumini chenye alama nyekundu, kikizunguka nyuma ya kioo, na watoto walikitazama kikikimbia mama anapochomeka pasi. Hakikuwa na waya wowote ulioungwa nacho. Koili mbili zilizusha mikondo ndani ya alumini na kukisukuma, na sumaku ya kudumu ilizusha mikondo mingine ya kukizuia kisikimbie kupita kiasi. Jiko la induksheni hufanya hivyohivyo kwa ukali zaidi: koili iliyo chini ya kioo hugeuza uga wake maelfu ya mara kwa sekunde, chakula kikapikwa na mikondo iliyo ndani ya kitako cha sufuria. Sufuria ya chuma hushika moto haraka. Sufuria nyepesi ya alumini, ile iliyojaa masokoni, jiko la kawaida la aina hiyo huikataa.

Koili huweza pia kujizushia volteji yenyewe. Mkondo wake ukibadilika, uga wake hubadilika, na uga huo unapita ndani ya koili ileile. Joseph Henry ndiye aliyelieleza jambo hili, na kipimo chake huitwa henri kwa heshima yake. Mkondo ukikatwa ghafla, fluksi huanguka katika muda mfupi mno, na volteji inayozuka huwa kubwa kuliko ile ya betri iliyoanzisha yote. Koili ya gari la petroli hutumia hila hiyo pamoja na ile ya transfoma: mkondo wa volti 12 hukatwa, na upande wa pili wenye maelfu ya mizunguko hutoa volti 20,000 na zaidi, cheche ikaruka kwenye plagi. Taa za tyubu za zamani nazo ziliwaka kwa njia hiyo. Stata ilikata mkondo, choki, yaani koili ya taa hiyo, ikajibu kwa pigo la volteji, gesi ndani ya tyubu ikashika. Pigo likiwa dhaifu stata ilirudia tena na tena, na ndiyo sababu taa zile zilipepesa mara kadhaa kabla ya kutulia.

Maikrofoni za studio nyingi za redio ni koili na sumaku vilevile. Sauti ya mtangazaji hutikisa utando mwepesi, utando umeshikizwa koili ndogo ya waya mwembamba kama unywele, na koili hiyo inacheza ndani ya uga wa sumaku. Inapotikisika huzuka volteji ya sehemu chache za elfu moja za volti, yaani milivolti chache, inayopanda na kushuka sawasawa na sauti. Mtangazaji akinyamaza, koili hutulia na volteji huwa sifuri. Upande wa msikilizaji mambo hugeuzwa: mkondo huingia kwenye koili ya spika, koili hucheza mbele ya sumaku, karatasi ya spika husukuma hewa. Umbo la vyombo hivyo viwili linafanana kiasi kwamba spika ndogo ya redio mbovu, nyaya zake zikipelekwa kwenye tundu la kuingizia maikrofoni la amplifaya, humsikia anayesema mbele yake.